Nani Anapima Mahindi ya Ufipa?

Mkulima wa Laela au Matai, kwenye uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, akiingia duka la pembejeo na kuomba dawa ya viwavi, mara nyingi anachopewa ni mchanganyiko wa viambato viwili, saipamethrini na klopirifosi. Chupa ni ndogo, bei inavumilika, na dawa inaua kweli. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa iliyopigwa mapema, dawa za namna hiyo zimeingia kwenye hesabu ya msimu pamoja na mbegu na mbolea. Sasa kiambato kimoja kati ya hivyo viwili kimeshahukumiwa. Katika mkutano wa Geneva uliomalizika mapema Mei 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza klopirifosi kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, huku zikiacha misamaha ya muda kwa baadhi ya matumizi.

Orodha hiyo ina wenyeji wake wa zamani. Mkataba ulipopitishwa Mei 2001 ulianza na kemikali 12: viuatilifu kama DDT, dieldrini, aldrini, endrini, klodani na toksafini, mafuta ya viwandani yanayojulikana kwa herufi PCB, na dioksini na furani, ambazo hakuna anayezitengeneza kwa makusudi, zinazaliwa tu mtu anapochoma kitu vibaya. Baadaye zikaongezwa lindani mwaka 2009, endosulfani mwaka 2011, pamoja na kundi la kemikali za floraini zinazotumika kwenye povu la kuzimia moto na nguo zisizolowa. Kinachoziweka zote kapu moja ni tabia. Haziozi upesi. Husafiri mbali na mahali zilipomwagwa, kwa hewa na kwa maji. Hujificha kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo samaki mkubwa huwa nazo nyingi kuliko dagaa aliowala, na mama humrithisha mtoto kwa maziwa. Na hudhuru: ini, mishipa ya fahamu, homoni, nyingine husababisha saratani. Kwa Kiswahili cha ofisini zinaitwa kemikali zinazodumu katika mazingira kwa muda mrefu. Hapa nitaziita kemikali sugu, kwa kuokoa pumzi.

Tanzania haiwezi kusema haikujua. Ilisaini mkataba mwaka uleule wa 2001, ikauridhia 2004, mwaka ambao mkataba ulianza kufanya kazi, na ikaandaa mpango wake wa kwanza wa taifa wa utekelezaji mwaka uliofuata. Sheria nazo zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaja kemikali hizi waziwazi na kulipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, mamlaka ya kusimamia. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya 2003 iko mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Viuatilifu viko chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, iliyounda TPHPA, mamlaka iliyorithi kazi za taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, kule Ngaramtoni, Arusha. Chakula, tangu mwaka 2019, kiko kwa Shirika la Viwango, TBS. Ukizisoma sheria hizi kwa mfululizo unaona nchi iliyojipanga.

Ugonjwa uko kwenye kipimo. Sheria ya masalia ya viuatilifu husema mahindi yasizidi kiasi fulani cha kemikali fulani kwa kilo. Sentensi hiyo haina meno mpaka mtu achote mahindi, ayapeleke mahali, ayapime, na matokeo yarudi kabla mahindi hayajaliwa. Kwa mkazi wa Sumbawanga, kila hatua ya safari hiyo ina pengo. Na pale ambapo nchi imewekeza kwenye upimaji wa dhati, macho ya maabara yameelekezwa kwa mnunuzi wa nje. Hoja yangu yote iko hapo: mfumo wetu unajua zaidi kuhusu sangara aliyeliwa Uholanzi kuliko kuhusu mgebuka aliyeliwa Namanyere.

Kabla ya maabara, historia kidogo, maana Rukwa haikuanza kujua kemikali hizi na klopirifosi. Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ni moja ya maeneo machache barani ambako nzige wekundu huzaliana na kukusanyika kabla ya kuruka. Wimbi kubwa lililoanza 1930 na kuisha katikati ya miaka ya 1940 lilifika hadi kusini kabisa mwa Afrika, na chimbuko lake lilikuwa nyika za Rukwa na zile za Mweru wa Ntipa, ng'ambo ya pili ya mpaka wa leo. Ndiyo maana serikali za kikoloni zilianzisha shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu na kuliweka Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, kwa majirani zetu wa Zambia. Mrithi wake, IRLCO-CSA, yuko Ndola hadi leo. Katika miongo ile silaha za vita vya nzige Afrika zilikuwa BHC, ambayo ndani yake mna lindani, na baadaye dieldrini, iliyosifiwa kwa sababu ileile inayotufanya tuiogope: ukinyunyiza mara moja, majani yanabaki na sumu kwa wiki kadhaa. Dieldrini hiyohiyo ilipakwa kwenye kuta za nyumba za Wapare na Wataveta katika mradi wa malaria wa miaka ya 1950.

Jambo la kufikiria hapa ni umbo la nchi. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji huingia kutoka milima ya Mbizi, Songwe na Katavi, kisha huondoka kwa njia moja tu, kwa kupanda hewani kama mvuke, na kilichokuja nayo hubaki. Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa uwanda, lina mlango mmoja tu mwembamba wa Lukuga, na maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka kabla ya kubadilika. Uwanda wa Ufipa umelala katikati ya mabonde mawili ambayo hayasahau haraka. Kwa kemikali isiyooza, hilo ni jambo la kwanza kwenye faili, kabla hata ya kuuliza nani alinyunyiza nini. Na jibu la swali hilo la pili linaweza kusomwa: mtaalamu akizamisha bomba kwenye tope la chini ya ziwa na kulitoa likiwa limesimama, matabaka yake yanasomeka kama daftari, mwaka juu ya mwaka, na kila tabaka linaweza kupimwa peke yake. Kazi ya namna hiyo kwa Ziwa Rukwa ingetueleza mengi kuliko warsha kumi za uhamasishaji.

Samaki wa Tanganyika wamewahi kupimwa, na hadithi ya upimaji huo inafundisha. Watafiti walipima DDT kwa samaki wa upande wa Burundi tangu miaka ya 1970 na tena mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliolinganisha sato na ndugu zake kutoka Victoria, Tanganyika, Nyasa na Babati, na kiwango cha DDT kilikuwa juu zaidi kwa samaki wa Tanganyika kuliko wa maziwa mengine. Mwaka 2017 ukatoka mwingine uliopima maziwa ya akina mama wa Arusha na kukuta masalia ya DDT. Tafiti hizo mbili zilikuwa ushirikiano wa wanasayansi wetu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na Wanorwe, na zimeandikwa kwa Kiingereza kwenye majarida ya kulipia. Sina ugomvi na Norwe, ilitusaidia. Lakini mchuuzi wa Kasanga anayeanika dagaa hana njia ya kujua kwamba ziwa lake limeshaandikwa.

Kwa nini kipimo hiki ni kigumu kiasi hicho? Tuingie maabara.

Chukua kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa klopirifosi kwenye vyakula vingi tangu ilipokataliwa huko mwaka 2020: miligramu 0.01 kwa kilo. Kwa lugha ya ghalani, ni gramu moja ya kemikali iliyosambaa ndani ya magunia 1,000 ya kilo mia mia. Mpimaji husaga mahindi, hupima gramu chache, huongeza maji kidogo kwa sababu punje ni kavu, kisha kimiminika kiitwacho asetonitrili. Hutikisa kwa nguvu, huongeza chumvi mbili ili maji na kimiminika vitengane, huzungusha kwenye mashine ya kasi mpaka tabaka la juu linatulia likiwa safi. Njia hii, iliyobuniwa mwaka 2003 na kuenea dunia nzima kwa urahisi wake, imefupisha kazi ambayo zamani ilichukua siku nzima ya kuchemsha. Dagaa ni shughuli nyingine. Mafuta yake ndiyo maficho yenyewe ya kemikali sugu, kwa hiyo lazima mafuta yaondolewe na kemikali ibaki, na hapo ndipo wapimaji wasio na uzoefu hupoteza vyote viwili.

Kilichosafishwa hudungwa kwenye kromatografia ya gesi. Ni bomba jembamba kuliko spoki ya baiskeli, lenye urefu wa mita 30, limekunjwa ndani ya tanuri. Kila kemikali hulipita kwa mwendo wake, na mwishoni hupokelewa na kigunduzi. Kigunduzi kilichofungua mlango wa elimu hii yote kilibuniwa na Mwingereza James Lovelock mwaka 1957. Kigunduzi hicho huhisi klorini kwa kiasi kidogo ajabu, na bila hicho mabishano ya DDT ya miaka ya 1960 yangebaki maneno matupu. Ndani yake mna chembe ya madini ya mionzi, nikeli 63. Kwa hiyo maabara ya Tanzania inayotaka kupima sumu ya mahindi inahitaji pia kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Siku hizi mashine za kupima uzito wa molekuli zinachukua nafasi yake, kwa kuwa kigunduzi cha zamani hukuambia kuna klorini lakini hakiapi ni ya nani.

Mashine si mwisho wa matumizi, ni mwanzo wake. Kila kemikali inayotafutwa inahitaji sampuli halisi ya kulinganishia, kichupa kidogo kinachoagizwa nje, chenye tarehe ya kuisha. Gesi ya heliamu au nitrojeni safi lazima iwepo. Umeme ukikatika tanuri likiwa na joto, kazi ya siku imekwenda na bomba pengine limeharibika. Fundi wa mashine anatoka Nairobi au Afrika Kusini. Halafu kuna ithibati ya umahiri, ile ya kiwango cha ISO 17025, ambayo maabara zetu huiomba kwa SADCAS huko Gaborone. Bila ithibati, matokeo yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado wakili wa mshtakiwa akayatupa nje ya mahakama kwa dakika tano.

Dioksini ziko mbali zaidi. Hizo hupimwa kwa pikogramu, sehemu moja ya trilioni ya gramu, kwa mashine ambazo ni chache mno barani. Mwaka 2005 shirika la AGENDA la Dar es Salaam, likishirikiana na mtandao wa IPEN, lilikusanya mayai ya kuku wa kienyeji kuzunguka Vikuge, Kibaha. Mayai yakapelekwa kupimwa Jamhuri ya Cheki. Mayai ya kutoka jalala la Dandora, Nairobi, yalifuata njia hiyohiyo mwaka huohuo na kukutwa yamepita mbali kikomo cha Ulaya.

Vikuge inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo shule kuu ya Tanzania katika jambo hili. Mwaka 1986 shamba la serikali la kukuza majani ya mifugo lilipokea msaada wa tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki, sehemu yake vikiwa vimeshapitwa na wakati. Shamba la majani halihitaji hata robo ya hapo. Dawa zikawekwa kwenye banda lililo wazi, banda likaanguka, mvua ikafanya kazi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda kupima baadaye walikuta mahali ambapo DDT kwenye udongo ilihesabika kwa asilimia. Watu walikuwa wakilima na kufuga jirani. Baadaye Tanzania ikawa katika kundi la kwanza la nchi za mpango wa kuondoa shehena za viuatilifu chakavu Afrika, ulioanza 2005, mpango ambao dawa zake nyingi zilisafirishwa hadi Ulaya kuchomwa kwenye matanuri ya joto kali. Kilichoingia kama zawadi kilitoka kwa gharama ya mabilioni.

Rudi sasa kwenye swali la nani anapimiwa. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika kwamba baadhi ya wavuvi, hasa upande wa Uganda, walikuwa wakimwaga viuatilifu majini ili kuvua kwa wepesi. Endosulfani ilitajwa sana. Viwanda vya Mwanza vilisimama. Ghafla fedha zikapatikana, wakaguzi wakapatikana, maabara ya samaki ya Nyegezi ikajengewa uwezo, na Kampala ikapata maabara binafsi ya kupima masalia. Mlango ukafunguliwa tena. Somo ambalo serikali zetu zilijifunza ni la kweli lakini ni nusu: kwamba kutopima kunapoteza soko. Nusu nyingine, kwamba samaki aliyekataliwa Rotterdam alikuwa akiliwa Magu na Busia siku zote hizo, haikuzaa maabara yoyote.

Sumukuvu ilikwenda njia ileile kwa kasi tofauti. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ikazuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyo. Vifo na mpaka kufungwa, vyote viwili, vikaleta mradi wa taifa, vihenge bora na vipimo vya haraka. Leo mkulima wa Rukwa anayeuza kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula anajua kwamba gunia lake litachomwa bambo, unyevu utasomwa, punje zilizovunjika zitachekechwa. Kemikali sugu hazina bahati hiyo, ikiwa ni bahati. Haziui mtu Jumanne. Zinamchukua miaka 20, na cheti cha kifo kitaandikwa ugonjwa mwingine. Mahindi ya Ufipa, zaidi ya hayo, huliwa nyumbani au huvuka kwenda Kongo, Burundi na Zambia, masoko ambayo hayaulizi. Hakuna anayetishia kutufungia mlango.

Niseme wazi kwamba sipendekezi kujaza hofu. Dawa za ghalani zinazouzwa sasa dhidi ya dumuzi hazimo kwenye orodha ya Stockholm, na anayemwambia mkulima kwamba kila poda ni DDT anamfanya aache kuhifadhi na kulala njaa Februari. DDT yenyewe mkataba haukuifuta kabisa. Nchi zinaruhusiwa kuitumia dhidi ya mbu waenezao malaria, na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono upya kuinyunyiza ndani ya nyumba. Uganda ilijaribu mwaka 2008 kwenye wilaya za Apac na Oyam, na wauzaji wa mazao ya kilimo hai wakaenda mahakamani kwa sababu wanunuzi wao hawakutaka kusikia. Huwezi kusuluhisha ugomvi kama huo kwa imani. Mtu wa malaria anasema dawa imebaki ukutani, mtu wa kilimo hai anasema imefika ghalani, na wote wawili wanaweza kuonyeshwa namba. Uzuri wa DDT, kama neno hilo linafaa, ni kwamba inaacha saini. Ikikaa miaka hugeuka DDE. Sampuli ikiwa na DDE nyingi na DDT kidogo, ni deni la zamani. Ikiwa kinyume chake, mtu anaitumia sasa, na mkaguzi ana kazi.

Na njia mbadala si ndoto. Mwaka 2009 nzige wekundu walipokusanyika tena kwenye nyika za Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, FAO na IRLCO-CSA waliwanyunyizia kwa ndege kuvu wa kibiolojia, Metarhizium, anayeua nzige na kumwacha ndege na samaki. Ilikuwa mara ya kwanza dawa hiyo kutumika barani kwa ukubwa ule. Bonde lililozoea BHC likawa mahali pa kuonyesha kwamba inawezekana bila BHC. Hili Rukwa ingepaswa kulisema kwa sauti kubwa kuliko inavyolisema.

Viuatilifu si hadithi yote, kuna pia mafuta ya PCB ya transfoma. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wake ulitoka Zambia kupitia Mbala, ukisaidiwa na jenereta. Mji wa namna hiyo huwa na transfoma za rika mbalimbali, nyingine zilizofungwa na kufunguliwa mara nyingi. Mafuta ya PCB yaliacha kutengenezwa karibu kote kufikia miaka ya 1980, lakini karakana ikichuja mafuta ya transfoma ya zamani kwa mashine na kesho yake ikachuja ya mpya kwa mashine hiyohiyo, mpya nayo imechafuka. Mkataba uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB na 2028 mwisho wa kuvishughulikia kama taka. Kikomo ni sehemu 50 kwa milioni.

Hapa ndipo upimaji unapoonyesha kwamba si lazima uwe wa gharama. Fundi huchota mililita tano za mafuta kwa bomba dogo, huyatia kwenye kichupa chenye chembe ya sodiamu, hutikisa, huongeza kimiminika cha rangi. Rangi ikibaki ya zambarau, mafuta yako chini ya kikomo. Ikipotea, kuna klorini nyingi na sampuli iende maabara kubwa, kwa kuwa hata chumvi ya jasho la mkono inaweza kudanganya kipimo. Dakika kumi, pale chini ya nguzo. Kipimo kinachokosea upande wa tahadhari ndicho kinachofaa mahali ambapo mafuta ya transfoma huibwa. Kenya waliwahi kuripotiwa wezi wanaoyauza kwa wakaanga chipsi.

Kuhusu dioksini nitapita haraka, kwa kuwa dawa yake kubwa haihitaji maabara kabisa. Plastiki, hasa ile yenye klorini ya nyaya na mabomba, haichomwi uani, na tanuri la hospitali lisilofikia joto lake lifungwe au litengenezwe. Hilo ni suala la halmashauri na jalala lake.

Basi Sumbawanga ijengewe maabara? Wanasiasa watapenda, utepe ni rahisi kukata. Mimi ningepinga. Mashine ya kromatografia ikiletwa hapa bila gesi, bila vichupa vya kulinganishia, bila fundi na bila sampuli za kutosha kumfanya mkemia asisahau kazi, itakuwa imefunikwa kitambaa baada ya misimu miwili. Mbeya, karibu kilomita 320 kwa lami kupitia Tunduma, kuna ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu. Ngaramtoni kuna wataalamu waliokaa na viuatilifu maisha yao yote. Ubungo kuna TBS. Kinachokosekana ni mkanda wa kuvileta vitu hivi karibu: sanduku la barafu, chupa za kioo cheusi zilizosuuzwa kwa asetoni, karatasi ya aluminiamu badala ya mfuko wa plastiki ambao wenyewe huchafua sampuli, fomu inayoonyesha nani alipokea nini na saa ngapi, na fungu la bajeti la usafiri lisilokopwa na semina. Afisa ugani mmoja kila wilaya anaweza kufundishwa kuchota sampuli kwa wiki moja. Kufundisha mkemia wa masalia huchukua miaka, na tayari tunao, wako mbali tu.

Sampuli zenyewe ziwe chache na zirudiwe. Mahindi kutoka maghala ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi baada ya mavuno. Dagaa na migebuka wa Kasanga na Kirando. Kambale wa Ziwa Rukwa. Udongo wa maeneo ya zamani ya maghala ya vyama vya ushirika, ambako dawa za miongo iliyopita zilikaa. Ni bora sampuli 40 kila mwaka kwa miaka kumi kuliko 400 mara moja kwa fedha za mfadhili, kwa kuwa kemikali sugu zinasomwa kwa mwelekeo. Na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kata, namba pamoja na kikomo chake kando, hata yakiwa mazuri. Hasa yakiwa mazuri. Mkulima aliyeonyeshwa mara tano kwamba mahindi yake ni salama ataamini mara ya sita akiambiwa si salama.

Kuna na kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, nacho ni kusoma kibandiko. Mkaguzi anayesimama Tunduma, Kasesya au bandari ya Kasanga hahitaji umeme kuona jina la kiambato, namba ya usajili na lugha iliyoandikwa. Udhaifu wake unajulikana na kila mtu aliyewahi kununua dawa sokoni: dawa ikishamiminwa kwenye chupa ya maji ili kumuuzia mkulima wa ekari moja kiasi anachomudu, kibandiko kimebaki dukani. Kupiga marufuku umiminaji bila kuwalazimisha watengenezaji kuleta chupa ndogo za bei ndogo ni kumwonea muuzaji na mkulima wote wawili.

Klopirifosi itaujaribu mfumo huu mzima. Marekebisho ya mkataba kwa kawaida huanza kufanya kazi mwaka mmoja baada ya nchi wanachama kupewa taarifa rasmi, na TPHPA italazimika kuamua usajili upi ufutwe na upi uombewe msamaha. Uamuzi huo utatolewa Arusha. Utakapofika Ufipa, chupa zilizobaki zitakuwa kwenye rafu, kwenye stoo za mawakala, na chini ya vitanda vya wakulima walionunua mapema kwa bei ya punguzo. Zisipohesabiwa, zitamwagwa mashambani kwa haraka, au zitawekwa tu, na Vikuge imeshaonyesha banda lililowekewa tu huishia wapi. Mkataba unaitaka kila nchi kutambua shehena zake kabla hazijawa taka. Kwa mkoa wenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, wakati wa kuzipitia stoo ni kati ya Juni na Oktoba, dawa za msimu mpya zikiwa hazijapakuliwa, na kazi hiyo inahitaji daftari, pikipiki na maafisa ambao tayari wanalipwa mshahara.